Roboti Imesema au Amesema?

Kila nikiweka hadithi hapa, lazima atokee mtu aniulize, "Kwani wewe huna mambo ya ukweli ya kuandika?" Wengine huuliza kwa upole, wengine kwa matusi, lakini swali ni lile lile. Mambo ya roboti, mambo ya mwaka 2090, mambo ya feri inayoongea, ati hayo ni ya Wazungu na ya filamu. Kijana wa Likoni aandike bei ya unga, aandike foleni, aandike madawa yanavyomaliza vijana mtaani. Leo nataka kujibu mara moja, kwa urefu, ili siku nyingine mtu akiuliza nimtumie hii tu.

Jibu fupi: bei ya unga na foleni ndizo ninazoandika. Lakini ukimwambia mtu wa Likoni kwamba foleni ya feri ni ndefu, atakwambia "najua" na atapita zake. Mwambie kwamba leo asubuhi feri yenyewe imekataa kuondoka. Hapo atasimama. Atauliza, "Imekataa vipi?" Akishasimama, ndipo unampa foleni yote, jasho lote, na bosi wa ng'ambo anayekata mshahara kwa dakika kumi za kuchelewa.

Jibu refu ndilo hili hapa chini. Kama wewe pia waandika au wataka kuanza, chukua linalokufaa.

Hizi hadithi hazikuletwa na meli jana

Tuanze na hili la "mambo ya Wazungu". Mwaka 1951 Shaaban Robert, mzaliwa wa Tanga, hapo tu ukivuka Lunga Lunga, alitoa *Kusadikika*. Nchi nzima ipo angani. Wajumbe wanatumwa kila upande, chini na juu, wanarudi na habari njema, wanatupwa gerezani. Wakati huo Tanganyika ilikuwa chini ya Mwingereza, na mtu hangeweza kusimama barabarani akasema sheria zinaonea watu. Basi mzee akaipandisha nchi mawinguni, akamsimamisha Karama kizimbani, akasema yote aliyotaka kusema. Watu wangapi wamesoma kitabu kile shuleni, wakafanya mtihani, na hakuna aliyewaambia kwamba nchi inayoelea angani ni fantasia? Tuliambiwa ni "fasihi" na mambo yakaishia hapo.

Mwaka 1995 Katama Mkangi, mtu wa pwani hii hii, mwanasosholojia ambaye serikali ilimweka kizuizini mwaka 1986, alitoa *Walenisi*. Dzombo anahukumiwa, anatiwa ndani ya chombo cha kumpeleka kifoni huko angani, lakini hafi. Anatua kwenye sayari nyingine, na sayari ile yaitwa Walenisi. Hebu lisome jina lile tena polepole. Wale ni sisi. Mimi nadhani somo zima la kuandika hadithi hizi limo ndani ya neno hilo moja. Ukisafiri mpaka sayari nyingine na usikutane na jirani yako huko, nauli yako imepotea bure.

Njoo karibu zaidi. Mwaka 2009 Wanuri Kahiu alitoa filamu fupi kuhusu dunia iliyokaukiwa maji, akaipa jina la Kiswahili, *Pumzi*. Mwaka 2021 Khadija Abdalla Bajaber, binti wa Mombasa, alitoa *The House of Rust*: msichana anaingia baharini ndani ya chombo cha mifupa, pamoja na paka anayeongea, kumtafuta baba yake mvuvi. Mwaka uliofuata kitabu kile kikachukua tuzo ya Ursula K. Le Guin ilipotolewa kwa mara ya kwanza kabisa. Dola 25,000, na ni paka wa Mombasa!

Paka yule ameongea Kiingereza, na sina neno na hilo, mwandishi huandika kwa lugha inayomjia. Lakini hesabu hadithi fupi za namna hii zilizoandikwa kwa Kiswahili, na vijana wa rika letu, kuhusu Kisauni, Likoni na Changamwe. Vidole vya mkono mmoja vitabaki. Sasa mtu asiniambie kwamba nakimbia ukweli. Hapa kuna kiti kitupu na mimi nimekaa tu.

Uwongo mmoja, basi

Riwaya ni kama treni ya pale Miritini. Ina mabehewa, unaweza kubeba falme, vita, koo tatu na ramani. Hadithi fupi ni matatu ya watu 14. Kila abiria lazima awe na kiti, na anayening'inia mlangoni atakuangusha.

Ndiyo maana sheria yangu ya kwanza ni hii: uwongo mmoja kwa hadithi moja. Badilisha kitu kimoja tu duniani, na kila kingine kiache kama kilivyo. Tena kiwe kweli kuliko kweli. Kama feri yaongea, basi mahamri na mbaazi yawe ya moto vilevile, mkokoteni wa maji ukwame pale pale kwenye mteremko, na yule mtu wa kusukuma watu kwa bega lake akusukume. Msomaji akiamini harufu ya samaki wa kukaanga, ataiamini na feri.

Napokea hadithi nyingi kwenye inboksi, na shida ninayoiona mara nyingi ni hii. Ukurasa wa kwanza kuna roboti. Wa pili kuna jini. Wa tatu watu wameanza kuruka. Kufika wa nne mimi sishangai tena, hata mhusika akifa sishangai, kwa sababu nimeshajua kwamba hapa lolote laweza kutokea. Na pale lolote linapoweza kutokea, hakuna linalouma.

Kiswahili kimetupa mashine ya kazi hii, herufi tatu tu: -nge-. Kaa nayo. Ingekuwaje maji yanayotoka chemchemi za Mzima yangefika mferejini Kisauni yakiwa bado yanakumbuka njia yote yaliyopita? Ingekuwaje kile kiwanda cha kusafisha mafuta pale Changamwe, ambacho kiliacha kusafisha mwaka 2013, kingewashwa tena usiku mmoja, na kikawa kinasafisha usingizi wa watu? Sentensi ya -nge- moja. Ukipata mbili, una hadithi mbili. Ziandike mbali mbali.

Nani ashaanza kuliuza?

Sheria ya pili sikuitoa kwenye kitabu chochote, nimeitoa mtaani. Likitokea jambo la ajabu Likoni saa mbili asubuhi, saa nne kuna mtu analiuza. Saa sita kuna kijana ashachukua chake cha katikati. Alasiri kuna mheshimiwa amekuja kupiga nalo picha. Jioni kuna mzee barazani anasema yeye aliliona kitambo, mwaka 1978.

Waandishi wengi huishia kwenye ajabu lenyewe. Maji yanakumbuka, haya, hadithi imekwisha. Hapana bwana, hapo ndiyo yaanza! Maji yakikumbuka, muuza maji wa mkokoteni atafanya nini? Si atatenga mtungi wa lita 20 wenye kumbukumbu nzuri na kuuza ghali, na ule wenye kumbukumbu za misiba autupie mtaa wa maskini? Mama mwenye watoto watatu atanunua upi? Hapo sasa una watu, una pesa, una uchungu. Na bila kutamka neno "ukosefu wa haki" hata mara moja, msomaji wa Kisauni ashajua unamzungumzia nani.

Basi kila nikipata -nge- yangu, kabla ya kuandika najiuliza maswali matatu. Nani atapata pesa? Nani ataamka mapema zaidi kwa sababu ya jambo hili? Nani hatahojiwa kwenye redio? Yule wa tatu mara nyingi ndiye mhusika wangu mkuu.

Jini si ajabu hapa kwetu

Sasa tuje kwenye shida yetu sisi wa pwani, ambayo vitabu vya uandishi vya nje havina habari nayo. Huko nje mwandishi akitia pepo kwenye hadithi, msomaji anajua ni mchezo. Hapa ukitia jini, nusu ya wasomaji wako wanauliza ni wa mti gani. Majini wametajwa kwenye Qurani, wana sura yao, ya 72. Bibi yako anajua nyumba ambayo haipangishwi. Fundi wa simu pale stendi ana kisa cha mteja ambaye hakuwa na kivuli.

Kwa hivyo jini hawezi kuwa ule uwongo wako mmoja. Kwa msomaji wako si uwongo. Ukimtumia kumtisha tu, umefanya mambo mawili mabaya: umechezea hofu ya kweli ya mtu, na tena hukumwonyesha chochote kipya, maana bibi yake anasimulia vizuri kukushinda wewe.

Mimi nikimtia jini, namtia kama jirani. Niliwahi kuandika hadithi ya ploti moja Majengo Mapya, ambapo mpangaji wa chumba namba sita ni jini, na kila mtu anajua. Analipa kodi kabla ya tarehe tano. Hana kelele. Ajabu ya hadithi ile ni kwamba mwenye nyumba ametaka kumfukuza kwa sababu amepata mpangaji wa kulipa mara mbili. Watu walioisoma hawakuniuliza kama majini wapo. Waliniambia, "Wallahi, huyo landilodi ni wangu kabisa."

Ndege imetua, ndege ametua

Hii sehemu naipenda kuliko zote, na ndiyo iliyonipa kichwa cha habari.

Mtoto yeyote wa Changamwe anaweza kukwambia tofauti ya sentensi hizi mbili. "Ndege imetua Port Reitz." "Ndege ametua Port Reitz." Ya kwanza ina abiria na mizigo. Ya pili ina mbawa na huenda ikakunyea. Neno ni lile lile, herufi chache tu zimebadilika mbele ya kitenzi, na tayari tumejua nani yuko hai. Kiboko vilevile: kiboko kimepotea, mwalimu atatafuta kingine. Kiboko amepotea, kimbia.

Kiingereza kina he, she na it, lakini hukumu ile wanaitoa kwenye kiwakilishi tu. Sisi tunaitoa kwenye kila neno. Yule, ile. Mzuri, nzuri. Wangu, yangu. Kiswahili hakikuruhusu kuandika sentensi moja kuhusu roboti bila kuamua kama ina roho au haina. Roboti imesema? Roboti amesema? Lazima uchague, na msomaji anakusikia unavyochagua, hata kama hajui kwamba anasikia.

Sasa fikiria utamu wake kwa mwandishi. Anza hadithi mashine ikiwa "imesema, imekataa, imezima". Weka mhusika mmoja, labda mtoto, ambaye yeye peke yake anasema "amekataa". Wakubwa wamkosoe: "Si amekataa, ni imekataa. Sema vizuri." Endelea hivyo kurasa tano. Halafu mahali pamoja tu, bila kelele, wewe msimulizi mwenyewe ubadilishe. "Akanyamaza." Usieleze. Usitie nukta tatu. Msomaji atahisi kitu kimepita chumbani.

Na kuna zawadi ya pili. Hiyo "a-" yetu haisemi mwanamume au mwanamke. "Alikuja usiku, akabisha." Ni nani? Kaka, dada, mgeni, jini, marehemu, wote wanaenea humo. Mwandishi wa Kiingereza hutoa jasho kuficha kitu hicho. Sisi tumepewa bure na lugha ya mama zetu, halafu twakaa twasema Kiswahili hakifai kwa hadithi za kesho.

Ama kuhusu maneno ya teknolojia, msiteseke na kamusi. Mhusika wako wa mwaka 2090 akiwa ni wa Likoni, atasema chaji imeisha na bando limekatika. Hawezi kuongea kama taarifa ya habari. Mpe lugha yake: "Wewe wataka nini hapa?" "N'shakwambia siendi." Kimvita kikiwa ndani ya mazungumzo, hata sayari nyingine inanukia nyumbani.

"Andika, lakini usimrudishe"

Nimeacha gumu zaidi mwisho.

Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilipinduka asubuhi, karibu sana na gati, ikiwa imebeba watu wanaokwenda kazini kisiwani. Walikufa watu 272. Mimi nilizaliwa baadaye, lakini ukikulia upande huu, tarehe ile yakaa kwenye nyumba za watu kama picha ukutani. Nilikuwa na hadithi yangu ya feri inayokataa kuondoka, na kila nilipoigusa ilinipeleka huko huko Mtongwe. Na hapa ndipo hizi hadithi zetu zinapokuwa na hatari ya kweli. Mwandishi wa mbali anaweza kuokota maiti za watu na kuzifanya mizimu ya burudani. Mimi wasomaji wangu ni wajukuu wa marehemu. Nakutana nao dukani.

Kuna mama mmoja mtaani kwetu, huuza viazi karai jioni. Ndugu yake alikuwa ndani ya feri ile. Nilimwendea kabla ya kuandika neno, nikamwambia, "Shikamoo mama. Nataka kuandika hadithi ya feri, ya kubuni, lakini ndani yake mna Mtongwe. Nimekuja kukuuliza."

Akageuza viazi vyake kimya. Kisha akasema, "Kuna watu wa magazeti walikuja zamani, hawakuuliza." Akanyamaza tena. "Andika, mwanangu. Lakini usimrudishe. Mimi n'shamzika. Ukimrudisha kwenye hiyo hadithi yako, nitaanza kumngojea."

Nimesoma makala mengi ya jinsi ya kuandika. Hakuna hata moja lililonipa sheria kali kama ile. Njia zote rahisi zikafungwa: hakuna mzimu, hakuna sauti kutoka majini, hakuna abiria wa ziada anayeshuka akiwa amelowa. Wafu hawarudi. Sasa feri inakataa kuondoka kwa sababu gani?

Nilikaa na swali hilo wiki mbili, nikivuka kila siku. Jibu lilikuja kwenye ule msukumano wa kuingia, pale unapojiona huna hata nafasi ya kuinua mkono ujikune. Nafasi. Hadithi ikawa hivi: feri mpya imefungwa mfumo wa kuhesabu watu. Imepewa rekodi zote za kivuko, za miaka yote. Na kutoka siku ya kwanza, inahesabu abiria, inafika mahali, inafunga lango, na kubakisha sehemu ya watu 272 tupu. Kila safari. Mafundi wanairekebisha, inarudia. Hairudishi mtu yeyote. Imewawekea nafasi tu.

Na walio hai wamesimama nje ya lango, wanachelewa kazini, wanatukana. Wana haki, kibarua kinapotea! Kumbuka sheria yangu ya pili: kufikia siku ya tatu kuna kijana anauza zile nafasi tupu, shilingi hamsini kichwa, kwenye feri ambayo mtu wa miguu halipi hata senti. Na kuna mama anayefanya kazi ya nyumbani ng'ambo, ana hamsini mkononi, na anajua vizuri sana ni nafasi ya nani anayoinunua. Hapo ndipo nilipoweka ile "a-". Kurasa zote feri imekataa, imefunga, imehesabu. Mama yule anapokanyaga sehemu ile, feri "akamngoja".

Niliposomea yule mama wa viazi, alisikiliza mpaka mwisho. Hakusema nzuri wala mbaya. Aliniuliza, "Kwa hivyo ile feri yawakumbuka, sio?" Nikamwambia ndiyo. Akanifungia viazi kwenye gazeti, akakataa pesa.

Mtu akiniuliza tena kwa nini siandiki mambo ya ukweli, nitamwelekeza kwa mama huyo. Ripoti ya ajali iliandikwa zamani. Idadi ya waliokufa yajulikana. Kilichokosekana ni mahali pa kuiweka idadi ile ili mtu wa leo, mwenye haraka zake, aigonge kwa mguu wake akipanda.

Haya, kazi yenu sasa. Andika sentensi moja hapo chini, ianze na "Ingekuwaje", na mahali pawe mtaa wako kabisa: Mlaleo, Mtongwe, Chaani, Mikindani, popote. Ajabu moja tu. Kisha mstari wa pili, tuambie nani ataanza kuliuza. Nitasoma zote, na nitakayoipenda zaidi nitamwandikia mwenyewe tuikuze pamoja. Ila yenye roboti, jini na watu wanaoruka kwa pamoja, wallahi siifungui.